Taa Ndani ya Mfuko

Waridi Jabir si mtu wa kupiga meza. Miaka yote aliyofanya kazi kwenye Taasisi ya Masomo ya Jioni, katika lile jengo kuukuu la katikati ya jiji ambalo lifti yake huamua yenyewe siku ya kufanya kazi, hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Lakini Jumanne ile aliipiga meza ya mkutano kwa kiganja, chai ya mkurugenzi ikamwagika kwenye sosa, na wala hakuomba radhi.

Ugomvi ulikuwa juu ya koroboi. Si koroboi ya kuwasha, ni ya kuchorwa. Ilikuwa kwenye nembo ya taasisi tangu zamani: koroboi ya bati yenye utambi uliopinda, na chini yake neno moja kwa herufi kubwa, HUJACHELEWA. Nembo hiyo ilikuwa kwenye bango la makao makuu, kwenye bango la darasa la Woodley kando ya Barabara ya Ngong, kwenye beji za walimu, na kwenye mfuko wa kitambaa anaopewa kila mwanafunzi siku yake ya kwanza. Na wanafunzi wenyewe si watoto. Ni watu wazima ambao hawakupata shule utotoni, wanaokuja wakishatoka kazini kujifunza kusoma na kuandika, wengine wana wajukuu wanaowatangulia darasa.

Bodi ilikuwa imeamua kwamba sura ya taasisi imechakaa na lazima ipigwe msasa. Kampuni moja ya usanifu ya Lavington ikapewa kazi hiyo, nayo ikamleta Becky, mwanamke mwerevu mwenye kipini puani na kompyuta nyembamba kama chapati ya hoteli. Becky hakuwa na ubaya na mtu. Alikuwa amekuja tu kusema alichokiona.

“Wacha niwe honest,” alisema. “Hii koroboi imezeeka. Nani bado anawasha koroboi hii Nairobi? Tunataka kitu fresh. Mshale unaenda juu, rangi ya bluu, imeisha hiyo.”

“Hiyo koroboi ilichorwa na babangu,” Waridi akasema.

Hilo kila mtu mezani alilijua, isipokuwa Becky. Picha ya marehemu Mwalimu Jabir ilining'inia pale koridoni, kofia yake ya vito iliyotariziwa kwa mkono kichwani, macho yakimtazama kila anayekwenda msalani. Alikuja Nairobi kijana kutoka Mombasa, akafundisha darasa la kwanza kabisa la taasisi hii katika chumba cha kuazima, na nembo akaichora mwenyewe kwa mkono wake. Alipofariki hakuacha shamba wala duka. Aliacha nyumba ya kupanga Woodley, mke, na Waridi, ambaye alitoka chuoni moja kwa moja akaja kuomba kazi alikofanyia kazi babake. Sasa alikuwa afisa wa mawasiliano, na kwake yeye ile koroboi ndiyo urithi wote. Mtu akitaka kuigusa, basi aje amejiandaa.

Becky akageuza kompyuta ili wote waone. “Sawa, pole. Lakini check hizi picha. Nilienda Woodley wiki jana nikasimama nje. Wanafunzi wote wamebeba mfuko ikiwa imegeuzwa. Mshono uko nje, logo iko ndani. Kama wanaipenda, mbona wanaificha?”

Hapo ndipo meza ilipopigwa.

“Wanaificha?” Waridi akasema. “Wewe Becky, nguo zako mpya unaanikaje? Kwetu, leso nzuri haianikwi juani upande wa rangi. Unaigeuza, ndiyo isipauke. Buibui unaligeuza. Hata kitambaa cha meza cha sikukuu, mama anakigeuza mpaka wageni wafike mlangoni. Kitu unachokipenda ndicho unachokigeuza! Wale watu wanatembea juani na vumbi la Barabara ya Ngong, na bado wanatunza ile nembo isichubuke. Nyinyi mnataka kuwanyang'anya!”

Alisema kwa uchungu hata aliyekuwa akisinzia akaamka. Bwana Kihara, mkurugenzi, mtu wa Kiambu asiyependa mabishano yakaribie saa ya chakula, alipangusa chai yake akakohoa. “Hiyo ni ukweli,” akasema. “Hata cucu, nyanya yangu, alikuwa anageuza sweta ya kanisa.” Mwingine akakumbuka viti vya mamake vilivyofunikwa vitambaa juu ya vitambaa. Kwa dakika chache mkutano mzima ulikuwa nyumbani kwa akina mama zao, na Becky akabaki na mshale wake.

“Basi koroboi inabaki,” Bwana Kihara akaamua. “Na kama wanaipenda hivyo, tuifanye kubwa. Ijaze mfuko yote. Na hiyo neno ionekane hata na mtu ako ng'ambo ya barabara. Kiwanda ya kuchapa mifuko ianze mara moja.”

Waridi alishuka ngazi zote kwa miguu kwa sababu lifti ilikuwa imegoma, na hakuona hata ngazi moja. Kabla ya kushuka alikuwa amesimama koridoni mbele ya picha, akamwambia babake kimoyomoyo: tumewashinda.

*

Mtu aliyeshinda hutaka mashahidi. Waridi alitaka, siku ya kuzindua sura mpya, sauti za wanafunzi zisikike zikiisifu nembo. Kwa hivyo kesho yake jioni alikwenda darasani Woodley na simu yake ya kurekodia. Darasa lilikuwa kwenye nyumba ya zamani ya mawe, madawati ya kuazima, ubao mweusi, na harufu ya chaki na ya watu waliotoka kazini. Wanafunzi walimpokea kwa heshima. Aliweka simu mezani, akatabasamu, akasema, “Niambieni vile mnaipenda nembo yetu, hadi mnageuza mifuko isipauke juani.”

Mzee mmoja aliyevalia sare ya bawabu akaanza kutafuta kitu mfukoni ambacho hakikuwamo. Wawili wakatazamana. Waridi akadhani wanaona haya mbele ya simu, akaigeuza kifudifudi.

Ndipo akainuka Wanjugu. Huyu alikuwa mama wa makamo kutoka Dagoretti, mwenye ploti ya nyumba za kupangisha na sauti ya kuwaamshia wapangaji. Kanisani alikuwa mweka hazina wa akina mama. Darasani alikaa dawati la mbele, na mwanawe wa kwanza alikuwa Karanja, kwa hivyo wote walimwita Mama Karanja.

“Madam,” akasema, “nikuambie ukweli ama nikuambie ile kitu umekuja kuskia?”

“Ukweli, Mama Karanja.”

“Hizi mifuko hatugeuzi juu ya jua. Tunageuza juu ya watu.”

Waridi hakuelewa, au hakutaka kuelewa. “Watu gani?”

“Watu! Vijana wa stage ya matatu wakiona hiyo koroboi wanapiga makelele, ‘Ngumbaru wamefika! Ngumbaru, wapi homework?’” Darasa likacheka kidogo, kicheko cha watu walioumizwa mahali pamoja. Ngumbaru ndilo jina la mtaani la masomo ya watu wazima, na anayeitwa hivyo haulizi maana yake. Anajua anachekwa.

“Mimi niko na wapangaji,” Wanjugu akaendelea. “Mtu akiniletea karatasi namwambia, acha nitasoma jioni, nimesahau miwani kwa nyumba. Kanisa wakiniita nisome, miwani iko kwa nyumba. Na mimi sina miwani! Macho yangu ni mzuri kuliko yako. Hata Karanja hajui nakuja hapa, anajua niko chama ya akina mama. Sasa nipite na hiyo koroboi katikati ya ploti yangu, si nimejitangaza?”

“Lakini neno je?” Waridi akauliza, na sauti yake mwenyewe akaisikia ikiomba. “Hujachelewa. Si neno zuri?”

Wanjugu alimtazama kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyomchoma Waridi kuliko yote.

“Madam, siku yenye unafika kazi mapema, kuna mtu hukuambia hujachelewa?”

Waridi akatikisa kichwa.

“Hiyo neno huambiwa mwenye amechelewa. Sasa mmeiandika kubwa, mimi nabeba, natembea nayo. Kila mtu ananisoma. Na mimi mwenyewe, siku ile mlinipatia, singeweza kuisoma.”

Simu ilikuwa bado imelala kifudifudi mezani ikirekodi yote. Waridi aliichukua, akawashukuru, akatoka. Njiani kwenda nyumbani aliona aibu hata akatamani kurudi kuomba msamaha, kisha aibu ikageuka hasira, na hasira hakuwa na wa kumtupia ila yeye mwenyewe. Becky alikuwa ameona. Becky alikuwa amesimama pale nje, akatazama, akaona, na yeye Waridi akampigia meza kwa hadithi za leso. Na kule River Road kiwanda kilikuwa kimeshaagizwa kuchapa koroboi kubwa kuliko ya kwanza, kwa sababu yake.

*

Mamake, Bi Sahar, alikuwa kibarazani akichambua mchicha. Waridi alimsalimu, akaketi kwenye ngazi, akamwambia kila kitu mpaka mwisho. Kisha akalia, kwa maana mtu mzima naye akifika kwao huruhusiwa kulia.

“Ndicho kitu cha pekee alichotuachia, Mama. Sasa mimi ndiye nikitoe?”

Bi Sahar alimwacha amalize. “Babako, Mungu amrehemu,” akasema, “hakujua kuchora. Kwanza alichora mtu amekaa asoma kitabu. Akaja mbio kunionyesha. Nikamuuliza, Jabir, huyu mbuzi ala nini?”

Waridi alicheka na kamasi zikamtoka.

“Alinuna siku nzima. Ndipo akachora koroboi, maana koroboi haina uso. Wewe umeifanya msahafu.”

“Na neno?”

Bi Sahar aliweka chini jani la mchicha. “Neno si lake. Neno ni langu.”

Hili Waridi hakuwahi kulisikia. Mamake alisimulia bila haraka, macho kwenye sinia. Jabir alipokwenda Nairobi kutafuta kazi alikuwa ameahidi kurudi kuposa kabla ya mfungo. Akachelewa. Siku aliyopanda treni, treni nayo ikakwama njiani. Alipofika Mombasa, nguo zimemjaa vumbi, sebuleni kwa kina Sahar walikuwa wamekaa wajomba wa mtu mwingine wakinywa kahawa na halua, posa imeshatolewa, inangojewa jibu tu. Jabir alisimama mlangoni akayaona yote. Akageuka aondoke.

“Mimi nalikuwa nyuma ya mlango na sinia la kahawa,” Bi Sahar akasema. “Ulikuwa nusu wazi. Nikamwambia, pole pole, hivi hivi: hujachelewa. Basi. Akarudi akaketi. Mengine wayajua, maana uko hapa.”

Waridi alisahau kulia.

“Alipotaka kuliandika kwenye nembo nikamkataza. Nikamwambia, lile nalikwambia wewe. Akasema neno zuri namna ile, watu wote na walisikie. Nikamwacha. Lakini, mwanangu, lau siku ile ningelipiga ukelele pale sebuleni, mbele ya wajomba, ‘Jabir, hujachelewa!’, babako angelitoka mbio hadi stesheni.” Alicheka mpaka akashika ubavu. “Lile ni neno la kunong'onezwa. Wao wamelibandika kwenye bango.”

Alirudi kwenye mchicha wake kana kwamba ameeleza bei ya vitunguu. Waridi akabaki ameketi, akiuona ule mlango nusu wazi, na sinia, na kijana mwenye vumbi. Pole pole akajua atakalofanya, na alipolijua hakulia tena.

*

Asubuhi alikwenda kwa miguu hadi River Road. Kiwanda cha Ngui kilikuwa juu ya duka la mabomba na misumari, ngazi nyembamba, kelele za cherehani na harufu ya wino. Ngui alimpokea kwa furaha. Hakuwa na kazi nyingine wiki ile, kwa hivyo alikuwa ameanza mapema, na furushi la kwanza lilikuwa tayari. Alikunjua mfuko mmoja akauinua. Koroboi ilikuwa na ukubwa wa sufuria ya ugali. Neno lilitoka mshono hadi mshono.

“Si mlisema kubwa, Madam? Hii ni kubwa.”

“Simamisha, Ngui.”

“Nisimamishe na neno ya nani? Kazi imetoka kwa mkubwa.”

“Basi nipe kiti.” Ngui hakuwa na kiti, Waridi akakaa juu ya marobota ya kitambaa, akampigia Bwana Kihara simu, akamwomba kazi isimame.

Tusimlaumu Bwana Kihara kwa alivyofoka. “Waridi! Si ni wewe ulimwaga chai yangu juu ya hii koroboi?”

“Ni mimi. Na ni mimi nasema nilikosea.”

“Sasa bodi nitaiambia nini? Leo leso, kesho sijui nini. Hapana. Ngui aendelee.”

“Bwana Kihara, nakuomba kitu kimoja. Njoo Woodley leo jioni, usimame langoni na mimi. Usiulize mtu swali. Tazama tu. Ukiona ni uongo, chapa yote, na mimi nitakuletea barua ya kuacha kazi mwenyewe.”

Bwana Kihara alikuwa mtu wa haki, hata akiwa amekasirika. “Nakuja,” akasema, “lakini ukinipotezea muda, tutaongea vizuri.”

Waridi alilibeba lile furushi la mifuko mipya mpaka Woodley, na darasa lilipokaribia kwisha mwalimu akaigawa, kila mtu wake, zawadi kutoka makao makuu. Wote walishukuru. Mkurugenzi na Waridi walikuwa wamesimama kando ya lango, nyuma ya gari lake.

Wa kwanza kutoka alikuwa Wanjugu, anazungumza na mwenzake habari za mvua. Alipofika hatua chache kabla ya lango aliweka vitabu juu ya ukuta, akatia mkono ndani ya mfuko, akashika kitako chake, akavuta. Ukageuka. Mkono ule ulifanya kazi bila macho, kama wa mpishi anayepindua chapati, na habari za mvua hazikukatika hata kidogo. Akarudisha vitabu, akatoka barabarani. Nyuma yake mwenzake akafanya hivyo hivyo. Na wa tatu. Na wote.

Ni yule mzee bawabu peke yake aliyelifikia lango na koroboi yake nje. Bwana Kihara akanong'ona, “Na huyu je?” Mzee akasimama, akatazama kushoto na kulia, akaukunja mfuko mdogo mdogo, akautia ndani ya koti la sare, akaondoka na vitabu kwapani.

Bwana Kihara aliwatazama mpaka njia ikawa tupu. “Hata mimi ningegeuza,” akasema hatimaye. Kisha ukurugenzi ukamrudia. “Lakini Waridi, hii ni taasisi ya umma. Nembo lazima ionekane. Bodi itasema tunajificha.”

“Bango la barabarani liwe kubwa unavyotaka,” Waridi akajibu, “anayetafuta shule aione kutoka mbali. Bango halitembei na halina majirani. Mfuko unamfuata mtu mpaka kwake. Nje tuandike neno moja tu, JIONI, liwe zuri hata mtu atamani kuubeba. Koroboi na lile neno tuviweke ndani, vidogo.”

“Ndani? Nani ataona?”

“Mwenye kuufungua.”

*

Becky alipopigiwa simu alikuja siku hiyo hiyo, na Waridi alimwomba msamaha mbele ya watu wote kama alivyomfokea mbele yao. Becky akacheka, akasema ameshafokewa na wakubwa zaidi. Kisha akafungua ile chapati yake ya kompyuta wakafanya kazi pamoja. Kitambaa wakachagua rangi ya damu ya mzee, herufi nyeupe, nene, zilizotulia. Mtu mmoja ofisini alitaka utambi wa koroboi unyooshwe, maana umepinda. Becky akakataa kabla Waridi hajafungua mdomo. “Huyo utambi unabaki vile mzee alichora,” akasema, na tangu hapo Waridi akampenda.

Bodi haikukubali kirahisi. Mmoja alisema hajawahi kusikia nembo ya ndani, mwingine akauliza kama sasa na bendera itapeperushwa ndani ya nyumba. Waridi hakupiga meza mara hii. Alijibu, akajibu tena, akabaki amesimama baada ya kujibu, akasema hataketi mpaka waamue, na Bwana Kihara, akitazama saa ya chakula ikikaribia, akasema yuko upande wake. Wakaamua. Ngui akachapa upya, upande wa ndani kwanza, kisha wa nje, kisha akashona.

Mifuko ikatoka. Wiki za kwanza Waridi alipita Woodley mara kwa mara akijifanya ana shughuli, akisimama pale pale kando ya lango. Walitoka wakizungumza, wakafika langoni, wakapita. Hakuna mkono ulioingia ndani ya mfuko. Vijana wa stage waliuliza JIONI ni duka gani, hawakujibiwa. Wanjugu alimsimulia kwamba mama mmoja wa kanisani ameutamani ule mfuko na kumwomba amnunulie wake, naye akamwambia hauuzwi, unaingia kwanza ndio unapewa. “Akaniuliza, kuingia wapi? Nikanyamaza,” Wanjugu akasema. Kisha akaongeza, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole, “Lakini nitamwambia.”

Siku ya vyeti ilifanyika katika ukumbi mmoja katikati ya jiji. Wanjugu alivaa suti ya kitenge na kilemba. Aliitwa, akapanda jukwaani, akapokea cheti chake, na kabla ya kushuka akasimama akakisoma chote kimya, midomo ikicheza, huku aliyemfuata akingoja. Hakuna aliyemharakisha. Karanja hakuwepo. “Hajui bado,” Wanjugu alimwambia Waridi walipokuwa wakitoka. Karanja alikuwa na duka la rangi River Road, na mamake alikuwa anaelekea huko. “Nisindikize, Madam.”

Walishuka pamoja kwa miguu, wakipenya kati ya watu na mikokoteni. Walipofika pale River Road inapoanzia, Wanjugu akasimama kando ya ukuta. Akatoa cheti kwenye mfuko akampa Waridi ashike. Akatoa Biblia, sweta, chupa ya maji, vyote akampa. Kisha akatia mkono ndani, akashika kitako cha mfuko, akavuta.

Waridi akavunjika moyo. Baada ya yote yale, mkono ulikuwa haujasahau. “Mama Karanja,” akasema, “kwani kuna nini tena?”

Wanjugu aliupigapiga mfuko ukakaa sawa, mshono nje, na pale nje, ndogo, nyeupe, na utambi wake uliopinda, ilikuwa koroboi ya Mwalimu Jabir, na chini yake lile neno. Aliutundika begani, upande wa koroboi ukiwatazama watu, akaanza kutembea na kichwa juu. Waridi akamfuata nyuma na mzigo wote mikononi kama mpambe wa bi harusi.

Mchuuzi wa soksi aliyekuwa amezitandaza ukingoni mwa barabara akawaona wakipita. “Mathe!” akaita, kwa wema kabisa. “Mathe, umegeuza bag! Mshono iko nje!”

“Najua,” Wanjugu akasema, akasimama, akamsogezea bega. “Soma.”

Mchuuzi akainama, akasoma kwa sauti iliyozoea kunadi soksi, akalitoa lile neno zima juu ya honi na vishindo vya River Road: “Hu-ja-che-le-wa!” Neno lililonong'onwa nyuma ya mlango nusu wazi kule Mombasa, Waridi akalisikia likipigiwa kelele jijini kwa ruhusa ya aliyelibeba, na machozi yakamtoka bila kujizuia, na mikono imejaa hata ya kujifuta hana.

Wanjugu aligeuka akamwona. “Ai, Madam. Mbona unalia na watu wanaona?”

“Wacha waone,” Waridi akasema.